Kaseti ya Matabishi

Pasaka iliyopita binti yangu alikuja kunitembelea kutoka Kigali, na katikati ya mkate, sabuni na dawa zangu za presha akatoa kisanduku chembamba kinachong'aa. "Mama," akasema, "nimekuletea kitu cha kukutisha." Akaanza kunieleza kwamba ni filamu ya zamani ya kuogofya, kwamba ilipotoka mara ya kwanza haikupata watazamaji, kisha kaseti zake zikapita mkono kwa mkono hadi wakatokea watu huko Ulaya wanaoipenda kama dini. Wanayakariri maneno yake yote, wanashona nguo kama zake, na sasa imesafishwa picha na sauti, ikatolewa upya kwa ajili yao. Mimi nilikuwa simsikii vizuri. Nilikuwa naangalia picha ya kwenye kisanduku: mkono mweupe wenye kucha chafu, umeshika kitasa cha mlango wa mbao.

Nilicheka mpaka akaniletea maji. Filamu hiyo naijua, nikamwambia. Niliiona nikiwa mtoto, hapa hapa Kamembe, mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwona askofu. Tena si ya kuogofya hata kidogo, ni filamu ya mama na mwanawe. Binti yangu akanitazama kama anayetafuta dalili za homa. Tukakubaliana tuitazame baada ya chakula, na nilipokuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, nikaanza kumsimulia, kama ninavyokusimulia wewe sasa. Vuta kiti basi.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, juu ya barabara inayoshuka Cyangugu mjini na kuendelea hadi daraja la Rusizi. Tulikuwa bibi yangu mzaa mama, mama, mimi na wadogo zangu. Asili yetu ni Bukavu, ng'ambo tu ya mto, na mama alivuka daraja karibu kila siku ya soko na mzigo wa vitenge kichwani. Alfajiri ulisikia adhana kutoka upande wa mafundi, halafu kengele ya kanisa, halafu mchi wa bibi, na hapo hata mvivu kama mimi hakuwa na ujanja. Kazi yangu ilikuwa kuanika sambaza kwenye mkeka, vile visamaki vya Kivu vyembamba kama kidole cha mtoto, na kuwafukuza kunguru. Kunguru wa Kamembe hawakuwa na haya. Mpaka leo nikisikia harufu ya sambaza zikikaangwa na pilipili, mkono wangu unatafuta fimbo wenyewe.

Mlango wetu wa mbele ulikuwa mkaidi. Mbao zake zilivimba kwa mvua za miaka mingi, na ili ufunguke ilikuwa sharti uuinue kidogo kwa goti huku ukiusukuma kwa bega. Wa nyumbani walifanya hivyo bila kufikiri, na mgeni alihangaika nao hadi aonewe huruma. Mama alitaka ubadilishwe. Bibi hakutaka hata kusikia.

"Mutoto yangu anajua ule mulango," alisema. "Akirudia akute mulango ingine, atazania tulihama."

Mtoto huyo alikuwa mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, aliyekwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Mimi nilimkumbuka kwa mabega yake mapana, maana alikuwa akinibeba juu yake hadi ziwani. Siku anaondoka alimwahidi bibi kumletea mawese ya huko, mekundu, mazito, yasiyochanganywa na kitu. Mtaa mzima uliijua ahadi hiyo kwa sababu bibi aliitangaza kisimani, kanisani na kwa kila aliyekuja kuazima chumvi. Kisha barua zikakoma. Halafu wafanyabiashara waliotoka upande ule wakaleta habari kwamba shimo moja liliporomoka na kuwafunika vijana, na mjomba alikuwa mle.

Mama aliamini. Alilia jikoni, akajifuta, akaenda kuzungumza na padri juu ya misa na matanga, ili mama yake aomboleze kama watu wengine na apumzike. Bibi akamkatalia mbele yetu sote. "Siwezi lia muntu mwenye sijaona," alisema, akaendelea kuchambua maharage. Tangu hapo wakaacha kula sahani moja. Wewe hujui ukimya mpaka uishi katika nyumba ya wanawake wawili wanaopendana na hawasemezani. Sisi watoto tulitembea kwa ncha za vidole, na hata kunguru niliwafukuza kwa sauti ya chini.

Ndipo ikaja kaseti. Mama alikuwa amenunua vitenge Bukavu, huko soko la Kadutu, na kwetu ukinunua vizuri, muuzaji anakuongezea kitu juu ya bei, ndiyo matabishi. Aghalabu inakuwa kipande cha sabuni au nyanya kadhaa. Siku hiyo mwenye duka hakuwa na kingine, akamwongezea kaseti ya video. Jalada lilikuwa limechubuka na nusu ya jina limefunikwa na karatasi ya bei, likabaki neno moja kubwa la Kifaransa: *revenant*. Mama hakusoma sana, lakini Kifaransa cha soko alikijua, tena vizuri. Kila siku aliwaambia wateja wake wanaoondoka, "Revenez, maman, revenez," rudini, mama, rudini. Akalitazama neno lile, akautazama mkono ule mlangoni, akaelewa alichoelewa.

Jioni alimwekea bibi kaseti mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baada ya siku nyingi.

"Balinipatia ya matabishi," alisema. "Ni filme ya muntu mwenye anarudia ku nyumba. Nimesema utaipenda."

Bibi aliigeuza kaseti huku na huku kama anayekagua muhogo. Kisha akaiweka juu ya kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria, na usiku huo wakala pamoja.

Mashine ya video ilikuwa moja mtaani, kwa jirani yetu fundi cherehani, Mwislamu mcheshi aliyeifunika televisheni yake kwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni bibi harusi. Kwa kuwa hakuna aliyekifahamu Kifaransa cha filamu, alikuwa akimwita mwalimu wetu wa shule ya msingi kutafsiri. Mwalimu alisimama kando ya televisheni na fimbo yake ya darasani, sauti ikipunguzwa, akasema yeye kwa niaba ya kila mtu, mwanamume kwa sauti nzito na mwanamke kwa sauti nyembamba. Alikuwa mtu mkavu, asiyecheka darasani hata kwa bahati mbaya, lakini mbele ya televisheni alikuwa mtu mwingine. Jumapili hiyo, baada ya misa yetu na baada ya swala yao ya adhuhuri, tulijaa sebuleni kwa fundi. Mkewe alipitisha mandazi na chai ya tangawizi. Bibi alipewa kiti cha mbele, naye alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu.

Filamu ikaanza kwa mvua, na nje mvua nayo ikaanza kupiga mabati. Nyumba ya mawe, mwanamke mzungu peke yake, mshumaa. Kisha kijana akatokea akitembea barabarani, mweupe kama unga wa muhogo, matope hadi magotini, macho yameingia ndani. Mwanamke wa kwenye filamu akasema kitu. Tukamgeukia mwalimu.

Namwona hata sasa, fimbo imeinuka nusu, akimtazama kijana yule, kisha akimtazama bibi aliyekuwa amejiinamisha mbele, mikono imefumbatana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na uso wake ulikuwa umebadilika, maana picha hazihitaji Kifaransa. Mwalimu akakohoa.

"Ule ni mutoto yake," akasema. "Alienda mbali kutafuta kazi. Balimuambia mama kama amekufa. Sasa anarudia."

"Mbona ni mweupe vile?" mtu akauliza nyuma.

"Ni muzungu," akasema mwalimu. "Ulitaka akuwe wa rangi gani?"

Watu wakacheka, na hofu yote ikatoka dirishani. Baada ya hapo mwalimu hakuturuhusu kuogopa hata mara moja. Macho yameingia ndani kwa sababu ya malaria. Haongei kwa sababu amechoka, wewe ungeongea baada ya safari ile? Alipopita na nyuma yake ukabaki mstari mwekundu sakafuni, wanawake wakashika midomo, na mwalimu akagonga kioo kwa fimbo: "Ile ni mawese. Alikuwa analetea mama yake, chupa ikapasuka ku njia." Sebule nzima ikasikitika. Mawese mazuri namna ile. Bibi akatikisa kichwa, akasema polepole kwamba mtoto hana kosa, njia ni mbaya.

Kisha kijana akafika mlangoni, ule wa kwenye jalada, na mama yake ndani akausukumia kabati. Mwalimu akainua fimbo. "Hajamutambua," akasema. "Amekonda sana." Hapo bibi akainuka kwenye kiti chake, mtu mzima, na kitenge chake cha sikukuu.

"Fungula, mama," akamwambia yule mzungu. "Fungula mulango. Huyo ni mutoto yako."

Wote tukadakia. Fungula, mama, fungula. Mke wa fundi alikuwa analia waziwazi na sahani ya mandazi mkononi. Katika kelele hizo mwalimu akamfanyia fundi ishara kwa fimbo, kioo kikawa cheusi, na mwalimu akasema kwa sauti yake ya darasani, "Kaseti imeisha."

"Alifungula?" bibi akauliza.

"Alifungula, Koko," akajibu mwalimu, akimwita bibi kama sisi wajukuu tulivyomwita.

Mama alimngoja mwalimu chini ya paa la fundi, na mimi nilikuwa hapo nikitafuta kiatu changu. "Mwalimu, niambie kweli," alisema. "Ile filme inasema vile?" Mwalimu alifuta miwani yake. "Maman, ni weye ulisoma lile neno," akasema. "Miye nilifata tu." Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Sikuelewa kwa nini. Nilichojua ni kwamba tulipofika nyumbani bibi alitangaza kwamba matanga hayatakuwapo, kwa sababu yule wa kwenye filamu naye waliambiwa amekufa, na mama, aliyekuwa amekwisha kupanga siku na padri, akasema sawa, Maman.

Hivyo ndivyo Kamembe yetu ilivyopata filamu yake. Tuliidai Jumapili baada ya Jumapili. Watu walikuja kutoka Gashonga na ndizi zao za kuuza, wakabaki hadi mwisho. Tuliyajua maneno ya mwalimu kwa moyo na alipokosea tulimsahihisha, naye alikasirika kweli. Na lile neno likawa letu. Mama alipoonekana akipanda kutoka darajani na mzigo wake, sisi watoto tulikimbia tukiita, "Revenant! Revenant anakuya!" Baba wa jirani akirudi kutoka safari ya Nzahaha, revenant. Hata mbuzi aliyepotea na kurudi alikuwa revenant. Miaka baadaye, kwa masista wa sekondari, niliandika katika insha yangu ya Kifaransa kwamba mama yangu ni revenante mwenye upendo, na sista akaniita ofisini kuniuliza kwa huruma mama alifariki lini. Ndipo nilipojua kwamba neno lile lina maana ya mzuka, maiti inayotembea. Nilimwona sista ni mjinga.

Sasa nikwambie siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, nami nimerudisha sambaza kwenye mkeka. Kutoka upande wa darajani akaja mtu. Alitembea kama anayeomba ruhusa kwa kila hatua. Koti limemzidi, mashavu yamebonyea, ngozi imekuwa ya kijivu, miguu matope matupu. Muuza mandazi wa kona alifunika beseni lake akaingia ndani. Mwingine akamwita mwanawe na kufunga. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine kufuata mteremko, na mtu yule akawa anaiangalia.

Mdogo wangu ndiye aliyemwona vizuri kwanza. Akaruka juu ya mkeka, sambaza zikatawanyika, akapiga kelele kwa furaha yake yote: "Revenant! Revenant anakuya!"

Mtu yule akasimama. Alikuwa amesoma kwa mwalimu yule yule, Kifaransa alikijua. Akainua mkono akajificha uso. Ninapokumbuka mkono ule moyo unaniuma hata leo, maana alifikiri ametukanwa na watoto wa kwao. Lakini sisi tulikuwa tunakimbia, na hatukuwa tunakimbia kwenda mbali. Tulimfikia wote kwa pamoja, tukamshika koti, tukamshika vidole, na watoto wa fundi nao wakaja. Mdogo wangu akamwuliza swali ambalo mtoto yeyote wa mtaa wetu angeuliza.

"Mawese iko wapi?"

Akashusha mkono. Nikayaona macho, nikamjua mjomba. "Niliuzisha ku njia," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Njaa ilinishika."

Tulimpeleka hadi mlangoni. Akaweka goti, akaweka bega, kama zamani, lakini nguvu hazikuwapo na mlango uliinuka kidogo tu ukakwaruza sakafu na kurudi. Ndani mchi ukanyamaza. Tulisikia bibi akisema, bila haraka, "Huyo anajua mulango yetu." Kisha akaufungua. Hakupiga yowe, hakumwuliza kitu. Alimtazama juu hadi chini, yule aliyeondoka na mabega mapana, akamfuta tope usoni kwa pindo la kitenge.

"Mawese sikuleta, Maman," mjomba akasema.

"Haiko kitu," bibi akasema. "Hata ya ule wa filme ilimwangika."

Mjomba hakuelewa, lakini alicheka, na kicheko kile kilikuwa bado chake. Baadaye alitueleza kwamba njia nzima watu walimfungia milango, na pale darajani alikuwa ameanza kufikiria kurudi alikotoka asije akamwogopesha mama yake. Alikuwa ametoka shimoni na kifua kilichojaa vumbi. Alikaa nasi maharage yakavunwa, yakapandwa tena, yakavunwa. Alikula sambaza zangu, akanifundisha kuhesabu kwa Kifaransa, na Jumapili alikaa karibu na bibi kwa fundi akitazama filamu ile, akiuma midomo asicheke, maana yeye alikuwa anasikia yote mawili, ya kwenye televisheni na ya mwalimu. Hakusema kitu. Alifia kitandani mwake, mkono wake mkononi mwa bibi, na matanga yakawa ya kweli, na bibi akalia.

Mwalimu alikuja. Nilikuwa nikigawa chai nilipomsikia bibi akimwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ule mama wa filme alikuwa anaogopa mutoto yake. Niliona. Miye niko mama. Asante juu haukusema."

Miaka iliyofuata unaijua, na mabaya yake unayajua, sina haja ya kukusimulia. Fundi na mkewe walihamia mbali na mashine yao. Kaseti sikumbuki ilipotelea wapi, labda iliisha kwa kuchezwa. Mwalimu, bibi, mama, wote wamelala. Nyumba iliuzwa, na mahali pake pana ghorofa lenye mlango wa chuma unaofunguka kwa kidole.

Kwa hiyo Pasaka, baada ya sombe na wali, tulikaa na binti yangu mbele ya kompyuta yake. Picha ilikuwa safi mno, nyekundu ile ilikuwa nyekundu kweli. Nikasikia kwa mara ya kwanza kile mwanamke yule alichokuwa akisema, na sipendi kukirudia, maana hakuna mama anayepaswa kumwambia mwanawe vile. Binti yangu alijikunyata na mto kifuani. Nikamwomba apunguze sauti. Akapunguza, na nikajikuta nimeanza: ule ni mutoto yake, alienda mbali kutafuta kazi. Ile ni mawese. Mwanzoni alicheka, halafu akaacha kucheka, akaweka mto chini, akajiegemeza begani mwangu. Tukafika mlangoni. Nikasema, hajamutambua, amekonda sana. Kisha mwanamke akachukua nyundo na misumari, akaanza kupigilia mbao, na mimi nikakosa maneno, kwa sababu hapo mwalimu hakuwahi kutufikisha.

"Zima," nikasema. "Kaseti imeisha."

Akazima. Kisha akauliza, "Alifungua?"

"Alifungua, mwanangu."

Kesho yake nilimsindikiza kituoni, nikarudi kwa miguu kupitia mteremko ule wa zamani. Watoto walikuwa wanacheza mbele ya ghorofa. Nilitamani kuwaita kwa neno lile, nikajizuia, maana shule zimewafundisha vizuri, wangenikimbia. Mtaani kwetu nimebaki peke yangu ambaye nikilisikia neno hilo nitakimbilia mlangoni kufungua.